Video ya Shabiki Kuanzia Wimbo Hadi Faili la Mwisho: Mwongozo kwa Anayeanza

Swali linalorudi kila mara ni "mnatumia programu gani?" Likishajibiwa, linafuata la "hizo efekti mnazitoa wapi?" Nijibu yote mawili hapa ili tusonge mbele: programu yoyote inayokata na kuunganisha inatosha, na efekti zisubiri. Swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza ni hili: wimbo huu unamsema nani, na wewe una neno gani juu yake?

Video ya shabiki ni picha za tamthilia, muvi au anime (katuni za Kijapani) unayoipenda, zilizopangwa upya juu ya wimbo ambao tayari upo, ili mtazamaji aione hadithi ile kwa jicho lako. Kama huna la kusema kuhusu wahusika, utapata picha nzuri zenye muziki chini yake, na kazi hiyo trela zinaifanya vizuri kuliko sisi.

Na usiniambie simu yako ni ndogo. Mwaka 1975 shabiki aitwaye Kandy Fong alionyesha slaidi za tamthilia ya Star Trek zikibadilika kwa kufuata wimbo uliokuwa ukipigwa pembeni. Mwaka 1982 shabiki mwingine, Jim Kaposztas, alitengeneza video ya anime kwa deki mbili za VHS, moja ikicheza na nyingine ikirekodi. Simu yoyote ya leo ingewashangaza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Chanzo: tamthilia au muvi yenyewe, kwenye DVD, Blu-ray au faili safi. Usirekodi skrini ya televisheni kwa simu. Klipu za mtandaoni zilizokwisha kupita mikono mitano nazo hazifai, picha imeshachoka.
- Wimbo, katika ubora wa juu kadiri unavyoweza kuupata.
- Programu. Kwa kompyuta yenye nguvu, yaani RAM ya GB 16 au zaidi, DaVinci Resolve ya bure inafanya kila kitu. Kwa mashine ya kawaida, Kdenlive na Shotcut ni za bure na ni nyepesi. Kwenye simu wengi wanatumia CapCut. Ongeza HandBrake, ya bure pia, kwa ajili ya kubadilisha mafaili.
- Nafasi ya kutosha. Sehemu moja ya tamthilia katika 1080p hufika GB 1 hadi 2, kwa hiyo msimu mzima unahitaji diski ya nje.
- Spika za masikioni zenye waya. Nasisitiza waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti, nawe utakata picha kwa kufuata biti (pigo la mdundo) iliyokwisha kupita.
- Daftari na kalamu.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja

Kabla ya kufungua programu, andika hoja yako kwa sentensi moja. Tuseme unapenda tamthilia ya familia yenye dada mkubwa na mdogo wake. "Hawa dada wanapendana" haitoshi, kila aliyeiona anajua. Lakini "dada mkubwa anamlinda mdogo wake mpaka ulinzi wenyewe unageuka kifungo" ni hoja. Ina mwanzo, ina kugeuka, ina mahali pa kuishia. Nitaendelea na mfano huu mpaka chini.

Ukishindwa kuiandika sentensi, bado hujapata video. Rudi kaitazame tamthilia.

Hatua ya 2: Chagua wimbo, kisha amua nani anaimba

Sikiliza maneno yote, si kiitikio peke yake. Kuna nyimbo ambazo kiitikio kinalia mapenzi na ubeti wa pili unasifia gari. Halafu jibu: sauti hii ni ya nani ndani ya video? Dada mkubwa? Mdogo? Au mtu wa nje anayewatazama wote wawili? Ukishaamua, usihamehame. Mwimbaji akibadilika katikati bila sababu, mtazamaji anapotea hata kama hawezi kusema kilichompoteza.

Hapa sisi tuna hazina ambayo wengi wanaipita. Taarab, hasa ya mipasho, huwa na msemaji na msemwa ndani yake, na maneno yake ni mafumbo yanayokaa juu ya mahasimu wa tamthilia yoyote, iwe ya Kituruki au ya Kikorea. Shida yake ni urefu: wimbo mmoja unaweza kuvuka dakika 10, na video ya anayeanza isizidi dakika 3 na nusu. Kwa hiyo utaukata. Kata kuanzia mwanzo wa mzunguko mmoja wa mdundo hadi mwanzo wa mzunguko mwingine, usikate katikati ya mzunguko wala katikati ya pumzi ya mwimbaji. Hakikisha ala zinazosikika upande mmoja wa mkato zipo na upande wa pili. Kinanda kikitoweka ghafla, kila mtu atasikia. Mpishano mfupi wa sauti, yaani upande mmoja ukififia huku mwingine ukiingia, chini ya nusu sekunde, hufunika mengi.

Onyo: usianze na singeli. Naipenda, ila inaweza kupita biti 200 kwa dakika, na utaona kwenye hatua ya 5 kwa nini itakutesa.

Hatua ya 3: Andaa chanzo

Pitisha mafaili yote kwenye HandBrake uyatoe yakiwa MP4, ukichagua idadi ya fremu (picha tuli zinazounda mwendo) isiyobadilika na inayolingana na ya chanzo chenyewe. Muvi na tamthilia nyingi zina fremu 23.976 au 24 kwa sekunde, DVD za ukanda wetu mara nyingi ni 25. Ukichanganya vyanzo, chagua idadi moja kwa mradi mzima na uiweke kabla ya kuingiza klipu ya kwanza. DaVinci Resolve, kwa mfano, haikuruhusu kuibadilisha baadaye.

Zima manukuu kabisa. Maneno yaliyochomwa ndani ya picha hayatoki, na mtazamaji atayasoma badala ya kuangalia video yako. Nembo ya kituo cha televisheni pembeni ni hivyo hivyo: kuza picha kidogo mpaka itoke nje ya fremu, au tafuta chanzo kingine.

Hatua ya 4: Tazama tena na ukate klipu

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo ambayo watu wanaikimbia. Video ya dakika 3, ukikadiria kila kipande sekunde 2, inahitaji vipande 90. Ili uwe na uchaguzi, kata angalau mara tatu ya hivyo. Ukitegemea matukio unayoyakumbuka kichwani, utaweka yale yale ambayo kila shabiki ameshayaweka: busu, kofi, msiba.

Tazama ukiwa umezima sauti. Maneno yakinyamaza, unaanza kuona mikono. Unaona dada mkubwa, kwenye sehemu ya kwanza kabisa, akifunga mlango taratibu ili kelele za wazazi zisimfikie mdogo aliyelala. Sekunde moja na nusu, tukio ambalo hakuna anayelikumbuka. Misimu miwili baadaye mkono ule ule unageuza ufunguo kwa nje. Ukiziona hizo mbili, video yako imepatikana, na hutazipata kwa kurukaruka ndani ya faili.

Unapokata, zingatia haya:

- Epuka midomo inayoongea. Mhusika anayezungumza huku wimbo unaimba mengine huonekana kama sauti yake imeibwa. Chukua sekunde kabla hajafungua mdomo, au baada ya kuufunga. Ndipo sura inaposema zaidi.
- Acha akiba ya sekunde moja mwanzo na mwisho wa kila klipu. Utaihitaji.
- Ipe kila klipu jina linaloeleweka: "dada_mlango_kulia_s1" inakusaidia, "klipu47" haikusaidii. Andika na upande ambao mwendo unaelekea, kulia au kushoto.
- Panga folda kwa hisia au kwa tendo, si kwa namba ya sehemu. Katikati ya kazi utatafuta "anageuka nyuma", hutatafuta sehemu ya 14.

Hatua ya 5: Weka alama kwenye wimbo

Ingiza wimbo peke yake na uusikilize huku ukibonyeza kitufe cha alama (M kwenye DaVinci Resolve) kila biti nzito inapopiga. Kisha rudia kwa rangi nyingine ukiweka alama mahali mstari wa shairi unapoanza, ala mpya inapoingia, na mwimbaji anapovuta pumzi. Hizo pumzi ni dhahabu.

Hesabu ni ndogo. Gawa 60 kwa idadi ya biti kwa dakika, zidisha kwa idadi ya fremu za sekunde moja. Wimbo wa biti 90 kwenye fremu 24 unakupa fremu 16 kwa kila biti. Biti 120 zinakupa fremu 12, yaani nusu sekunde. Singeli ya biti 240 inakupa fremu 6. Robo sekunde ni fupi mno kwa mtazamaji kufuatilia anachofanya mtu, kwa hiyo huwezi kukata kwenye kila biti hata ukitaka. Wenye uzoefu hukata kila baada ya biti nne au nane na kuacha mwendo ndani ya picha ubebe hizo nyingine.

Hatua ya 6: Simamisha nguzo

Usianze kujaza kutoka sekunde ya kwanza. Anza na viitikio, halafu picha ya mwisho, halafu ya kwanza. Hizo ndizo nguzo.

Kiitikio kinarudi mara mbili au tatu kwa maneno yale yale, na hapo ndipo anayeanza anapokwama: anarudia hisia ile ile kwa picha tofauti. Fanya kinyume. Maneno yabaki, maana ihame. Kwenye mfano wetu, kiitikio cha kwanza kinaangukia mlango unaofungwa kwa upole. Cha pili kinaangukia dada akimrudisha mdogo wake kwa nguvu kutoka kituo cha basi. Cha tatu, ufunguo. Neno "sikuachi" lililokuwa ahadi sasa ni tishio, nawe hujaandika hata herufi moja kwenye skrini.

Hatua ya 7: Jaza na ukate

Sasa jaza kati ya nguzo. Mambo manne hutenganisha video inayotiririka na ile inayokwaruza.

La kwanza, si lazima mkato uwe kwenye biti. Mara nyingi inapendeza zaidi tendo ndilo liwe kwenye biti: kiganja kinagusa meza, mlango unagonga fremu yake, kichwa kinageuka. Mkato uwe umeshatokea kidogo kabla. Na pale unapotaka mkato wenyewe ulie na ngoma, jaribu kuutanguliza fremu moja au mbili, uangalie upya.

La pili, fuata jicho. Kipande kimoja kikiishia na uso ulio kulia mwa skrini, kinachofuata kiwe na kitu cha kutazama upande ule ule. Ukimrusha mtazamaji kulia kushoto kulia, baada ya dakika moja anachoka bila kujua kwa nini. Hapo ndipo yale majina ya klipu yanapolipa.

La tatu, usiwe mtumwa wa maneno. Wimbo ukisema "machozi" ukaweka machozi, ukisema "mvua" ukaweka mvua, unamsomea mtazamaji anachosikia. Mara moja kwenye video nzima inapendeza, hasa kama ni kwa utani. Kwa kawaida weka sababu ya machozi, au mtu anayejizuia kulia.

La nne, thubutu kuacha. Kipande cha sekunde 5 kisichokatwa, baada ya mikato mingi ya haraka, kina nguvu kuliko efekti yoyote unayoweza kupakua.

Hatua ya 8: Efekti na rangi, kwa kijiko

Mikato mikavu kwanza, picha moja ikifuata nyingine bila efekti katikati. Mpishano wa picha, moja ikififia ndani ya nyingine, utumie pale wakati unapopita au mtu anapokumbuka. Ukiuweka kila mahali hausemi chochote. Kufifia kuwa nyeusi ni kituo kikuu, na video ya dakika 3 haihitaji vituo vikuu vinane. Kupunguza kasi kwa nusu kwenye picha za fremu 24 kunailazimisha programu kurudia au kubuni fremu, na mwendo huanza kushtuka au kuyeyuka. Kuishusha hadi asilimia 70 au 80 ya kasi ya kawaida mara nyingi kunapita bila kuonekana.

Rangi ina kazi moja ya lazima, kufanya misimu iliyopigwa kwa mwanga tofauti ionekane ni ya video moja. Sawazisha mwanga kwanza, mapambo baadaye.

Na ukiweka mwanga unaowakawaka, kumbuka kuwa mimweko zaidi ya mitatu kwa sekunde inaweza kumletea kifafa mtu mwenye tatizo hilo. Iondoe, au weka onyo mwanzoni.

Hatua ya 9: Onyesha mtu

Tazama video bila sauti. Hadithi isimame yenyewe. Itazame kwenye simu, maana huko ndiko watakakoiona. Kisha mwonyeshe mtu ambaye hajawahi kuiona tamthilia hiyo na umuulize swali moja tu: "Nani anaimba, na anamwambia nani?" Usimweleze kitu kabla. Akijibu vingine, kosa liko kwenye dakika ya kwanza, ambako hukumtambulisha mhusika vizuri. Vipande viwili vya sura yake karibu na mstari wa kwanza wa wimbo hutibu hilo mara nyingi.

Hatua ya 10: Toa faili

MP4, H.264, 1080p, idadi ya fremu ile ile ya mradi, kasi ya data kati ya Mbps 10 na 16, sauti ya AAC kwa kbps 320. Mwishoni taja jina la tamthilia, la wimbo na mwimbaji, na lako. Hifadhi pia faili la mradi na klipu zake, utakuja kutaka kurekebisha kitu.

Neno juu ya hakimiliki

Picha si zako, wimbo si wako. Usiuze, usitangazie bidhaa, usiombe malipo ya kutazama. Marekani, tangu mwaka 2010, kuna ruhusa maalumu ya kuvunja kufuli za DVD kwa ajili ya video za namna hii zisizo za biashara, na hupitiwa upya kila baada ya miaka mitatu. Ruhusa hiyo haikuhusu ukiwa Dar es Salaam au Nairobi: Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya ina ya mwaka 2001. Kuandika "sina nia ya kukiuka haki" chini ya video hakukukingi na chochote, ingawa kila mtu anaandika.

Mambo yanapokataa

*Mwanzo unaenda sawa na wimbo, mwishoni mikato imechelewa.* Chanzo chako kina fremu zinazobadilikabadilika, hasa kama ni kurekodi skrini au video ya simu. Rudi hatua ya 3.

*Mikato yote imechelewa kwa kiasi kile kile tangu mwanzo.* Bluetooth. Chomeka waya, kisha sogeza picha zote kwa pamoja.

*Mwendo unashtuka kila baada ya muda.* Mradi na chanzo vina idadi tofauti za fremu.

*Kuna mistari myembamba kama ya chanuo mtu anapotembea.* Chanzo ni cha televisheni ya zamani au DVD. Washa kichujio cha kuondoa mistari kwenye HandBrake na utoe faili upya.

*Kompyuta inakwama kila ukicheza.* Tengeneza nakala nyepesi za klipu. DaVinci Resolve, Kdenlive na Shotcut zote zinaweza. Unakata kwa nyepesi, faili la mwisho linatoka kwa zile nzito.

*Programu inasema klipu hazionekani.* Umehamisha folda au umechomoa diski ya nje. Irudishe ilipokuwa, au ielekeze programu kwenye folda mpya. Usifute mradi kwa hasira.

*Katikati ya video panachosha.* Karibu kila mara ni ubeti wa pili. Kabla ya kutafuta klipu mpya, jaribu kuukata ubeti wenyewe kwenye wimbo.

*YouTube imeizuia dakika chache baada ya kuipandisha.* Ni Content ID, mfumo unaolinganisha sauti na picha na hifadhi ya wenye haki. Dai la Content ID peke yake si onyo la hakimiliki. Mwenye haki anaweza kuizuia video, kuchukua mapato ya matangazo yake, au kufuatilia tu takwimu zake. Onyo la hakimiliki ni jambo jingine, na matatu yanaweza kufunga chaneli. Soma ujumbe mpaka mwisho ujue ni kipi ulichopata, na ni wimbo au ni picha iliyodaiwa. Usigeuze picha kama kioo wala kupandisha sauti nusu noti ili kuudanganya mfumo: utaharibu video, na mara nyingi itakamatwa vilevile. Ipandishe kama faragha kwanza, usubiri ukaguzi uishe, ndipo utume kiungo kwa mtu yeyote.